Mguu wa Mchezaji Ndio Mguu wa Mvuvi

Katika kijiji cha Chwaka, kama katika vijiji vyote vya pwani ya mashariki ya Unguja, kazi ya mguu wa kijana haiishii uwanjani. Mguu huo ndio unaoingia majini alfajiri kuvuta nyavu, ndio unaokanyaga matope ya ghuba maji yanapokupwa, na ndio unaobeba gunia la mwani kutoka pwani hadi mjini kwake. Kwa hiyo goti linapoharibika saa kumi na moja ya jioni katika mechi ya mtaa, hasara yake haihesabiwi kwa magoli. Huhesabiwa nyumbani, jikoni.

Michezo imeshamiri visiwani, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Mwezi wa Agosti 2025 Uwanja wa Amaan, uliofunguliwa mwaka 1970, ulipokea baadhi ya mechi za CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wanaocheza katika ligi za nchi zao. Katika mashindano ya namna ile mchezaji akianguka refa hupiga filimbi, waganga huingia, na machela husubiri pembeni. Huku shamba anayeingia mbio ni rafiki mwenye chupa ya maji. Maji humwagwa juu ya goti, na kijana huambiwa ainuke, akaze moyo, asiwe mwoga.

Wanaosema hivyo wana mfano mkubwa nyuma yao, wajue wasijue. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mbio za marathoni za Olimpiki mjini Mexico City, mwanariadha wetu John Stephen Akhwari alianguka, akaumia goti na bega. Alifungwa bendeji akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani jua limekwisha kuchwa, wa mwisho kati ya wote 57 waliomaliza, baada ya saa 3 na dakika 25. Jibu lake, kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile ili aanze mbio tu bali azimalize, limekuwa fahari ya Tanzania mpaka leo.

Hapana atakayelipunguzia heshima tendo lile. Lakini lilikuwa tendo la siku moja, la mtu mzima wa miaka 30, aliyejua anatoa nini na anamtolea nani. Isitoshe, mwaka 1970 Akhwari huyo huyo alikuwa wa tano katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, kwa mguu uliokwisha pona. Sehemu hii ya pili ya habari yake haisimuliwi sana, nayo ndiyo yenye faida kwetu. Kijana wa miaka 16 anayegombea mbuzi au seti ya jezi hakubeba bendera ya nchi. Kumlazimisha acheze akichechemea ni kumtumia.

Jeraha lililo la kawaida kabisa ni kuteguka kifundo cha mguu. Wayo hupinda kwa ndani, na zile kano za upande wa nje, ambazo kazi yake ni kufunga mfupa kwa mfupa, huvutika kupita kiasi au hukatika nyuzi zake. Damu huvuja ndani kwa ndani, mguu ukavimba. Kano hazipati damu nyingi kama misuli, kwa hiyo hupona polepole: wiki kadhaa kwa jeraha dogo, miezi kwa kubwa. Na hapa ndipo vijana wengi wanapodanganyika, maana maumivu hutangulia kuondoka kabla kano haijarudiwa na nguvu zake. Anayerejea uwanjani kwa kuwa tu haumwi tena hutegua palepale mara ya pili, na ya tatu, mpaka kifundo kikazoea.

Goti ni msiba mwingine. Kano yake ya msalaba ya mbele mara nyingi hukatika bila mchezaji kuguswa na mtu: ameruka akatua vibaya, au amegeuka ghafula mguu umekita chini. Wengi husikia mlio ndani ya goti, na baada ya saa chache limejaa. Wasichana hupatwa na jeraha hili zaidi kuliko wavulana, na waalimu wa netiboli na wa mpira wa wanawake hawana budi kulijua hilo. Aliyepasuliwa goti kwa ajili yake hutakiwa akae nje ya mashindano miezi tisa au zaidi.

Sasa tufanyeje mtu akiumia? Kwanza atoke. Pili, asichuliwe. Desturi yetu ni kuleta mafuta ya nazi ya moto na mtu mwenye mikono ya nguvu, na nia yake ni njema. Lakini kuchua na kukanda kwa moto katika siku mbili tatu za mwanzo huzidisha damu kuvuja na uvimbe kukua. Wahazigi wetu ni watu wa heshima na ujuzi wa kurithi, na hatuwavunjii hadhi yao tukisema kwamba mfupa upigwe picha kwanza, mkono ufuate baadaye.

Mwaka 1978 daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, alitoa kanuni iliyoenea duniani: pumzisha, weka barafu, funga bendeji ya kubana kiasi, nyanyua mguu juu. Baadaye yeye mwenyewe alibadili rai, akasema barafu na mapumziko marefu huweza kuchelewesha kupona. Kwa hiyo barafu leo ni ya kutuliza maumivu siku ya kwanza, ikiwa imezungushiwa kitambaa, kwa dakika 10 hadi 20, na mguu uanze kutumiwa pole pole mara tu unapoweza kustahamili. Barafu haina haja ya kuagizwa mbali, kwani wauza samaki wanaijua.

Kujua kama mfupa umevunjika, madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa mwaka 1992 kipimo kinachoweza kufanywa hata mchangani. Ikiwa mtu hawezi kupiga hatua nne kwa mguu ule, au anaumia unapobonyeza mfupa wenyewe kwa nyuma ya kifundo, apelekwe akapigwe picha ya eksirei. Hatua nne tu. Hakuna nahodha asiyeweza kuzihesabu.

Aliyegongwa kichwa ni habari ya peke yake. Akipoteza fahamu hata kwa sekunde, akiuliza matokeo mara mbili, akitapika au akiyumba, haruhusiwi kurudi siku hiyo, hata akiapa kwamba ni mzima. Sheria za mpira zenyewe, tangu Julai 2024, zimeruhusu mashindano yaweke nafasi ya ziada ya kumbadilisha mchezaji wa namna hiyo.

Kinga nayo ipo, wala haina gharama. FIFA ina mpango wa kupasha mwili moto uitwao 11+, wa dakika zipatazo 20: kukimbia taratibu, kusimama kwa mguu mmoja, kuchuchumaa, kuruka na kutua goti likiwa juu ya kidole na si kwa ndani. Mpango huu ulijaribiwa mjini Lagos, Nigeria, kwa vijana 416 wa miaka 14 hadi 19, na taarifa iliyotolewa mwaka 2014 ilionyesha majeraha yamepungua kwa asilimia 41. Lagos si Ulaya. Vijana wale hawakupewa mashine yoyote. Wetu hupasha mwili kwa kupiga mashuti golini huku wengine wangali wanafunga viatu.

Kwa viongozi wa shehia na wa wilaya ombi letu ni dogo. Mashindano yasipewe kibali mpaka kila timu imtaje mtu mmoja aliyefundishwa huduma ya kwanza, pawepo sanduku lenye bendeji na mabanzi, na ijulikane gari ni ya nani na dereva yuko wapi, kwa kuwa mgonjwa wa kupelekwa Mnazi Mmoja ana kisiwa kizima cha kukivuka. Ada ambazo timu hulipa kuingia mashindano zitoshe kwa hayo kabla hazijanunua kikombe. Ama mawe, makombe na vipande vya chupa vilivyomo viwanjani, kuviokota ni kazi ya asubuhi moja, na haingoji barua kutoka wizarani.