Mtu wa 301

Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, ina agizo linalotuhusu sisi wasanifu majengo moja kwa moja: ajengaye nyumba mpya aizungushie dari yake ukingo, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Nikilisoma, nashangazwa na kile ambacho sheria haikiulizi. Haiulizi kama aliyeanguka alikuwa mzembe au mwenye pupa. Hatia inamwangukia mjenzi, kwa kuwa alijua watu watapanda.

Nakiwaza kivuko cha Mtongwe, Mombasa. Asubuhi ya Ijumaa, 29 Aprili 1994, feri iliyojaa kupita kiasi ilipinduka karibu na gati, ikaua watu 272. Wengi walikuwa wakienda kisiwani kutafuta riziki. Chombo kilikuwa cha watu 300, walikuwemo zaidi. Kuhusu ajali za namna hii, husemwa kuwa abiria hawana subira. Hoja hiyo siikubali hata kidogo. Anayelipwa kwa siku akichelewa hukosa kibarua, na watoto hulala njaa.

Watu si magunia. Wakisimama, kitovu cha uzito hupanda juu. Wakisogea upande mmoja, chombo huinama nao. Kwa hiyo kuhesabu lazima kufanyike nchi kavu, kabla mguu wa kwanza haujakanyaga feri. Mlinzi mwenye kipenga hawezi kuuzuia umati. Ua wa kungojea feri uliopimwa vizuri unaweza. Chukua mita 10 kwa 15, watu wawili kila mita ya mraba: hao ni 300. Ua ukijaa, lango la nyuma linafungwa. La mbele linafunguliwa feri ikishafungwa gatini na walioshuka wakishapita, tena kwa njia yao wenyewe, ili wasipigane vikumbo na wanaopanda. Hayo ni saruji, vyuma na mabati tu.

Machi 2017 Rais Uhuru Kenyatta alizindua upya huduma ya feri Mtongwe. Chombo ndicho kinachopigwa picha siku kama hiyo. Lakini amri ya kumpenda jirani, kwa fundi, huanzia kwa jirani asiyemjua jina: mama mwenye mtoto mgongoni, mzee wa mkongojo. Mwanafunzi akiniletea mchoro wa kivuko, namuuliza kwanza habari za mtu wa 301. Lango limefungwa mbele yake, jua ni kali: atakaa wapi?