Jina Nalo ni Mali



Katika mkoa wa Mara, mtu akiibiwa ng'ombe usiku hupiga yowe, na majirani huamka kufuata nyayo. Lakini mtu akiibiwa jina la bidhaa yake huko Ulaya, nyayo hazionekani. Anaweza kuja kugundua siku mzigo wake unapozuiwa bandarini, akaambiwa kwamba jina lililoandikwa juu ya pakiti zake lina mwenyewe.

Watu wa Kewanja wanazijua mali zisizo na jina. Dhahabu ya kwao ikishayeyushwa, mvaaji wa pete hawezi kujua imetoka kijiji gani. Kahawa ya milima ya Tarime si lazima ipate bahati hiyo hiyo. Ikikaangwa na kufungwa vizuri, inaweza kufika kwa mnywaji ikiwa na jina la waliyoilima. Swali ni hili: jina hilo litakuwa la nani?

Tusidhani hatari hii ni ya kufikirika. Mwaka 2006 kampuni moja iliomba kusajili neno "Kikoy" nchini Uingereza kuwa alama yake ya biashara. Kikoi, vazi la pwani yetu tangu enzi za mababu! Wakenya na marafiki zao wa Uingereza waliweka pingamizi, na ombi hilo halikufanikiwa. Waliponea kwa sababu walikuwa macho.

Msingi wa sheria ni huu: alama ya biashara hulindwa pale tu iliposajiliwa. Cheti cha BRELA kinakulinda Tanzania Bara. Hata Zanzibar ina ofisi yake. Ukivuka mpaka, huna kitu. Je, ni lazima basi kubisha hodi Ufaransa, kisha Ujerumani, kisha Italia? Hapana. Tangu mwaka 1996 Umoja wa Ulaya una ofisi moja ya kusajili alama, katika mji wa Alicante, Hispania. Ombi moja likikubaliwa, alama hulindwa katika nchi zote 27 za umoja huo kwa miaka 10, na unaweza kuihuisha kila muda huo unapokwisha. Ada ya msingi kwa kundi moja la bidhaa, mathalani kundi la 30 lenye kahawa na chai, ni euro 850 kwa anayeomba kwa njia ya intaneti.

Njia nyingine ni mfumo wa Madrid, unaosimamiwa kutoka Geneva. Kenya iliingia mwaka 1998. Tanzania haikuingia wakati ule, hivyo njia iliyozoeleka kwa Mtanzania ni kwenda Alicante moja kwa moja, kwa kupitia wakala wa huko anayetambuliwa kisheria. Gharama za wakala ni juu ya ile ada.

Hapa pana mambo manne ya kuangalia. Kwanza, anza nyumbani. Ukiomba BRELA leo, Mkataba wa Paris unakupa miezi sita ya kuomba Ulaya, na tarehe yako ya nyumbani ikahesabiwa kule. Pili, chunguza kabla ya kulipa. Ombi likishatangazwa, watu wana miezi mitatu ya kupinga, na mwenye haki ya zamani katika nchi moja tu anaweza kuliangusha ombi zima. Itakubidi uende nchi moja moja katika zilizobaki, na kulipa upya. Tatu, Uingereza imekwisha toka katika umoja huo. Tangu Januari 2021 inahitaji ombi lake peke yake. Nne, jina lisilotumika kwa miaka mitano mfululizo laweza kufutwa.

Tena, neno linalotaja tu bidhaa au mahali inapotoka, kama "Kahawa ya Tarime", mfanyabiashara mmoja hawezi kulisajili kirahisi kuwa lake peke yake. Lakini chama cha wakulima kinaweza kuomba alama ya pamoja kwa ajili ya wanachama wake. Ada ya msingi ya alama ya pamoja ni kubwa zaidi, euro 1,500 kwa anayeomba kwa njia ya intaneti, lakini ada hiyo inayomlemea mkulima mmoja, ikigawanywa kwa watu mia, ni euro 15 tu kila mmoja.

Basi kabla ya kusafirisha gunia la kwanza, tusafirishe jina. Mali bila daftari hupotea bila habari.