Andalio la Somo Mtandaoni: Faida na Hadhari kwa Mwalimu wa Kiswahili

Si ajabu siku hizi kumkuta mwalimu wa Kayole, Dandora au Umoja akipokea kwa simu yake andalio la somo kutoka kwa mwalimu mwenziwe ambaye hawajaonana kamwe. Makala haya yanakusudia kueleza mambo yaliyoleta desturi hiyo, na kwa nini inamtaka mwalimu wa Kiswahili awe na hadhari ya pekee.

Walimu kusaidiana si jambo jipya. Tangu zamani maazimio ya kazi yalipitishwa mkono kwa mkono na kunakiliwa kwa kalamu. Kilichobadilika ni kasi na umbali. Mwaka 2016 serikali ya Kenya ilianza kupeleka vifaa vya tarakilishi katika shule za msingi za umma. Mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, mwalimu alitakiwa kubuni shughuli na vielelezo vingi kuliko awali. Kisha, Machi 2020, shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote hadi Januari 2021. Vipindi vya redio na televisheni viliwafaa wengi katika kipindi hicho. Lakini redio haiulizwi swali. Mwenzio wa kazi huulizwa, naye hujibu.

Faida ni dhahiri. Mwalimu mwenye darasa lililofurika, asiye na maktaba karibu, hupata kwa gharama ndogo ya intaneti kazi iliyomchukua mwingine siku nzima. Hata hivyo, wahenga walitwambia kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Hebu tutazame mifano miwili.

Nilipokwenda kukagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya Eastlands, nilimwona mwalimu mwanafunzi akiandika ubaoni “Ngeli ya M-WA”, kama andalio alilopakua lilivyosema. Kitabu cha wanafunzi kilisema A-WA. Mtoto mmoja akauliza: neno “kijana” limo katika ngeli gani? Mwalimu akatazama andalio lake, akajibu KI-VI. Mtoto akatazama kitabu chake, akanyamaza.

Majibu yote mawili yana msingi. Uainishaji mmoja hufuata umbo la nomino yenyewe: kijana, vijana. Wa pili, unaotumiwa katika shule za Kenya, hufuata upatanisho wa kisarufi: kijana amefika, vijana wamefika. Kosa halikuwa la mtaalamu yeyote. Kosa ni kwamba andalio lile halikutaja linafuata msingi gani, na aliyelipokea hakuuliza. Atakayelipa gharama ya kimya hicho ni mtoto, siku ya mtihani.

Mfano wa pili unahusu lugha ya mitaani. Mtoto aliyelelewa Eastlands husikia na kusema “kitabu yangu”, kwa kuwa katika Kiswahili cha Nairobi upatanisho wa I umeenea hata kwa nomino za ngeli nyingine. Andalio lililotungwa na mwalimu wa Lamu au Mombasa huenda likachukulia kwamba “kitabu changu” ni usemi ambao mtoto ameuzoea nyumbani, likakimbilia mazoezi ya wingi. Mwalimu wa Kayole hana budi kuanza nyuma zaidi: auweke usemi wa mtoto kando ya usemi sanifu, bila dhihaka, na kuonyesha tofauti ilipo. Hatua hiyo haimo katika faili aliyopokea, ataiongeza yeye.

Kutokana na hayo, tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila andalio litaje mtungaji wake, gredi inayolengwa, na msingi wa sarufi unaofuatwa. Pili, mpokeaji alisome lote kabla ya kuingia darasani, akilinganisha na kitabu cha wanafunzi. Tatu, na hili ndilo kubwa, akishafundisha amrudishie mwenziwe habari: palipofaa, palipokwama, na swali aliloulizwa na watoto.

Bila hilo la tatu, hatuna ushirikiano bali unakilishaji, na kosa moja litasafiri kutoka Dandora hadi Jericho kwa kasi ile ile ya andalio jema. Tukilitimiza, swali la mtoto yule aliyenyamaza litawafikia walimu wengi, na mwenziwe wa shule nyingine atakapouliza, jibu litakuwa tayari.