Shule za Turubai za Ngara na Rekodi Zake

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika saa 24 tu, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia Rwanda na kuingia Ngara, Tanzania. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilikuwa haijapata kuona wakimbizi wengi hivyo wakiingia kwa kasi hiyo. Benaco, kambi waliyofikia, iliyobeba jina la kampuni ya Kiitalia ya ujenzi, ikawa kubwa kuliko zote duniani wakati huo. Muda si mrefu wageni wakawazidi wenyeji wa Ngara kwa idadi, na watoto wao walikuwa wengi mno, maelfu kati yao wakiwa wamepotezana na wazazi.

Shule ndogo kuliko zote iliingia hapo ikiwa ndani ya sanduku. Mpango wa UNESCO na UNICEF ulimpa mwalimu mmoja vifaa vya wanafunzi 80, yaani zamu mbili za watoto 40: vibao vya kuandikia, chaki, penseli, madaftari, hata rangi ya kutengenezea ubao. Walimu wenyewe walikuwa wakimbizi, wakifundisha Kinyarwanda na hesabu. Kwangu mimi hao ndio wanaostahili kutajwa kwanza.

Rekodi ya kufungwa ghafla ni ya shule hizohizo. Tarehe 5 Desemba 1996 serikali ya Tanzania na UNHCR ziliwataka Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwezi kwisha. Jeshi likasimamia, na madarasa ya turubai yakabaki matupu.

Rekodi ya kudumu ni ya shule za Lukole, kambi nyingine ya Ngara, ya Warundi waliokimbia vita vilivyozuka baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993. Wakati fulani ilikuwa na watu zaidi ya 100,000, na ilifungwa 2008. Mtoto aliyezaliwa humo mwanzoni alifika utineja bila kuijua shule nyingine. Alisoma mtaala wa Burundi, kwa Kirundi na Kifaransa, ndani ya nchi ya Kiswahili. Wapo waliouona uamuzi huo kama ukuta wa kumtenga na jirani yake. Mimi nauona ulikuwa wa haki kwake. Watoto wa wakimbizi Warundi wa 1972, waliosomea Kiswahili katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo nchini Tanzania, waliporejea Burundi walijikuta darasani wasielewe Kifaransa cha mwalimu. Wa Lukole walirudi wakiwa na lugha zote mbili za darasa.