Sokota Uzi wa Ndoana Yako

Wewe baba ushukaye ziwani kutoka Buzuruga alfajiri na ufito wako wa kuvulia sato, umepata kuangalia uzi hukatika wapi? Mara nyingi ni karibu na ndoana, samaki anaposhtuka ghafula. Hapo ndipo kitoweo cha watoto hupotelea.

Nailoni moja iliyokaa imekunjwa haisahau mikunjo yake. Iliyosokotwa hulala laini, tena hunyumbuka kidogo samaki akivuta. Wapo wavuvi wa ng'ambo, wale watupao nzi wa bandia wa manyoya, wanaoipenda sana.

Sokota mwenyewe. Twaa nailoni nyembamba, ufanye mafungu mawili ya pima moja na nusu. Upande wa mshipi kila fungu liwe na nyuzi nne, upande wa ndoana mbili. Sokota kila fungu peke yake, yote kuelekea kulia, mpaka yaanze kujikunja. Unganisha ncha, kisha achia: yatajiviringa pamoja kuelekea kushoto, wala hayafunguki. Ndivyo katani isokotwavyo juu ya paja.

Mwishoni funga nailoni moja nyembamba, urefu wa mkono, ambayo sato haioni upesi. Mawe ya Mwanza wayajua: ndoana ikinasa, kitakatika kipande hicho tu. Ila usivute kwa hasira, maana uzi wa kusokota hurudi kwa nguvu ukawa kama mkia wa nguruwe.

Ukienda kuvua sangara, uache nyumbani. Kifuniko cha matamvua yake kina makali; huyo mtegee nailoni nene.