Harusi ya Ufuoni Amu: Anza na Upepo

Wachumba wanaotaka harusi ya nje Shela huja na picha kwenye simu: upinde wa matawi makavu, vitambaa vyepesi vyeupe, mishumaa mchangani. Picha hizo zimepigwa pasipo na upepo. Amu ina Kusi, inayovuma takriban Aprili hadi Septemba, na Kaskazi, ya Desemba hadi Machi, na zote mbili husukuma majahazi yenye shehena, sembuse kitambaa cha shifoni. Kwa hiyo mpambaji wa hapa huuliza tarehe kabla ya rangi. Ufuo wa Shela umeikabili bahari kuu, na Kusi ikikaza ni heri kuhamia upande wa mlango wa bahari unaotazama Manda.

Halafu mwezi. Watu hupenda mbalamwezi, na mwezi mpevu huja na bamvua. Katika pwani yetu maji ya bamvua hujaa kiasi cha saa kumi alasiri. Asubuhi utapanga viti kwenye ufuo mpana wa kuchezea mpira. Wageni wakifika, umebaki ukanda. Tafuta mstari wa mwani mkavu ulioachwa na bamvua iliyopita, upange juu yake. Ila usipande kwenye vilima vya mchanga wala kuvisawazisha: mchanga huo ndio unaohifadhi maji matamu ya visima vinavyounywesha mji wa Amu.

Kwa jukwaa hakuna kinachoshinda miti ya mkoko. Wafanyabiashara huipanga kwa unene, kuanzia fito na pau hadi mazio, boriti na nguzo, na huihesabu kwa korija, yaani ishirini ishirini. Mazio yanatosha kwa upinde. Nguzo za banda ziwe boriti. Zifukie mpaka ufike mchanga mgumu, uzifunge kwa kamba ya makumbi, bila misumari. Kodi miti badala ya kununua, maana zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko kaunti hii na si vyema ikatwe kwa sherehe ya siku moja. Juu tandika tanga kuukuu la jahazi, lililokwisha kupauka kwa jua na chumvi. Lifunge juu tu, chini liachwe huru upepo upite. Likifungwa pembe zote nne, litaondoka na banda.

Mikeka iagizwe mapema Matondoni au Kipungani. Mkeka husukwa kwanza kama ukili, utepe mrefu, ndipo ukili ukashonwa. Waombe wasusi wakuuzie pia ukili ambao haujashonwa: zungushia nguzo, pitisha katikati ya meza, onyesha njia ya bibi harusi. Ni pambo la bei nafuu na halipeperuki.

Stara ndiyo wapambaji wa kutoka nje huisahau. Usiku wa kupamba ni wa wanawake, na ukumbi wa wazi usio na kizuizi utabaki mtupu, hata uupambe vipi. Simamisha ua wa makuti ya kusuka kimo cha kumpita mtu, ndani yake utundike leso zilizooanishwa rangi. Bibi harusi akalishwe kwenye kiti cha enzi kilichoazimwa kwa jamaa. Vidaka vya plasta ya chokaa viachwe ndani ya nyumba vilikozaliwa. Vile vya kuigiza vinavyochongwa kwa povu gumu jeupe la kufungashia televisheni vinachusha.

Harufu nayo ni pambo, na kwa Amu ndiyo pambo lenyewe. Asumini huchumwa ikiwa vitumba, jioni, vikatungwa uzini kabla havijafunguka. Vikifunguka, giza limeingia na wageni wameketi. Kila mgeni wa kike apewe kikuba cha asumini na mrehani, na mkadi ukipatikana. Chetezo cha udi kiwekwe upande upepo unakotoka, ama sivyo moshi wote utakwenda baharini.

Taa ziwe kandili za vioo, zenye mchanga kidogo chini zisianguke. Kasa hutaga kwenye fuo zetu, na watoto wao wakitoka kwenye kiota hufuata mwangaza wakidhani ni bahari; weka taa chini, zielekee nchi kavu, zizimwe sherehe ikiisha. Baluni usilete kabisa. Likipasuka na kuingia majini, kasa hulimeza.

Kila kitu kitafika kwa mashua, kisha mgongoni mwa punda au kwenye mkokoteni, kwa hiyo meza nzito na vyombo vya kukodi kutoka Mombasa vitakula bajeti kabla hujanunua ua hata moja. Na kama fedha inatosha kitu kimoja tu, acha banda, acha kandili, nunua asumini.