Stenti ya aota: mkono wa kushoto umo kwenye bei?

Mkiambiwa aota ya kifua, mshipa mkuu wa damu kutoka moyoni, imevimba na inahitaji stenti, msiulize bei tu. Ulizeni pia: mshipa wa mkono wa kushoto utafunikwa? Stenti hutaka kama sentimita 2 za ukuta mzima ili ishike, na mara nyingi ukuta huo uko palepale mshipa huo unapoanzia. Kumbe huo haulishi mkono peke yake. Una tawi linalopanda shingoni hadi nyuma ya ubongo, na husaidia uti wa mgongo.

Kuufunika na kuuacha ndiyo rahisi kuliko zote siku ya kulipa. Wengi huzoea, damu ikipita njia za pembeni. Wengine mkono huwa baridi na kuchoka hata kwa kufua shati, na wachache hupata kiharusi au kupooza miguu. Hapo akiba yote imeliwa. Kwenye dharura, aota ikivuja, sawa. Lakini aliyefanyiwa mchepuko wa moyo kwa mshipa wa kifua wa kushoto, au anayesafishwa figo kupitia mkono huo, asikubali kirahisi.

Kwa upasuaji wa kupangwa, pesa yangu ningeiweka kwenye mchepuko wa shingoni. Daktari hupasua juu ya mtulinga na kuunganisha mshipa wa shingo na wa mkono kwa bomba dogo la kutengenezwa. Bomba lenyewe si ghali ukilinganisha na stenti, na hudumu miaka mingi. Kinachouma ni muda wa ziada wa chumba cha upasuaji na kitanda, na neva za shingoni zinaweza kuguswa. Ulizeni kama utatozwa kama upasuaji wa pili.

Njia nyingine ni stenti yenye tawi lake la kuingia mshipa wa mkono; hiyo haihitaji kidonda cha shingo. Marekani iliidhinisha ya kwanza ya aina hiyo Mei 2022, kwa hiyo rekodi yake bado fupi. Ni ghali, huagizwa, na si kila mshipa unaifaa.

Kuna pia stenti ndogo inayolazwa kando ya kubwa. Inapatikana haraka, ila damu huweza kupenya katikati ya hizo mbili, na marekebisho ni bili nyingine.

Wekeni pembeni na pesa za CT skani: mwezi wa kwanza, mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka, pamoja na dawa ya rangi, kipimo cha figo na nauli. Kabla ya kusaini, ombeni makisio ya maandishi yanayotaja nani atalipia stenti ya pili ikihitajika mgonjwa akiwa mezani.